Nilisema baba yangu ni "retired", wenzangu wakasikia tusi

Tulikuwa kwenye kikao cha kazi kwa video, watu kama sita hivi, kabla hakijaanza tukawa tunapiga stori za familia, mmoja akaniuliza mzee wako anafanya kazi gani, mimi kwa kujiamini kabisa nikajibu my father is retired, yaani amestaafu. Sasa mdomoni neno lilitoka "ritaad", ile "ai" ya katikati nikaimeza yote. Kimya. Mwingine akasema "sorry?", nami nikarudia vilevile, tena kwa sauti zaidi. Kikao kilipoisha dada mmoja akanitumia meseji kwa upole tu, akaniambia tulichosikia ni retard, tusi la kumwita mtu taahira, na yeye ana mdogo wake mwenye ulemavu wa akili ambaye ameitwa hivyo tangu shule. Nilimwomba radhi akapokea, lakini iliniuma sana, maana sikuwa na ubaya wowote na bado nilimgusa mtu kwenye kidonda. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, siku ile ndo niliielewa.

Zamani mental retardation lilikuwa neno la kawaida la madaktari kabisa. Likageuka tusi mitaani mpaka Marekani mwaka 2010 Rais Barack Obama akasaini sheria inayoitwa Rosa's Law, ya kulitoa kwenye sheria za serikali kuu na kuweka intellectual disability (ulemavu wa akili). Kwa hiyo ukilikuta kwenye kitabu cha zamani usilichukue ukalitumia leo. Na retired itamke taratibu, ri-TAI-ad, hiyo "tai" isikike kama tai yule ndege.

Tangu hapo nikaanza kufuatilia tatizo letu liko wapi hasa. Sisi tuna irabu tano tu, a e i o u, Kiingereza kina sauti nyingi zaidi ya hizo, so tunachofanya ni kuzibana sauti mbili tatu za kwao ndani ya moja ya kwetu. Ndo hapo sheet (shuka, au karatasi) inakuwa shit (mavi, na ni neno la matusi), beach (ufukwe) inakuwa bitch ambayo maana yake ya asili ni mbwa jike lakini kwa mwanamke ni tusi baya, na peace (amani) inakuwa piss (kukojoa, kwa lugha chafu). Wengi wanafundishwa kwamba tofauti ni kuvuta tu, hii ndefu ile fupi, basi. Hapana, haitoshi! Ile ya sheet ni "i" yetu ikivutwa, kama unavyosema "hii", midomo imetanuka. Ile ya shit mdomo unalegea, sauti inakaa katikati ya "i" na "e" yetu, sisi hatuna kabisa sauti hiyo. Mtu akisema sheet kwa "i" yetu fupi, msikilizaji anabaki kubahatisha, na mara nyingi anabahatisha lile baya.

Ushauri wangu, usifanye mazoezi na hayo maneno mabaya. Fanya na ya heshima yenye tofauti ileile: ship na sheep, fill na feel, live na leave. Mdomo ukishazoea hapo, sheet na beach zinajinyoosha zenyewe. Mimi nilikuwa natumia ile sehemu ya simu ya kuandika kwa sauti, nasema leave inaandika live, narudia, narudia, mpaka siku ikaandika sawa mara kumi mfululizo.

Lingine la hatari ni can't. Ukisema "kant" kwa "a" yetu fupi unakaribia sana cunt, na hilo ni katika matusi makali kuliko yote ya Kiingereza, linataja sehemu za siri za mwanamke. Waingereza wengi wanasema kama "kaa" halafu "nt", Wamarekani wanaipeleka katikati ya "a" na "e". Kama huna uhakika sema cannot, basi umemaliza kesi, hakuna atakayekushangaa. Coke nayo isiwe "kok", maana cock ni jogoo lakini pia ni uume kwa lugha ya mtaani, weka "ou" pale katikati, "kouk".

Hoe, lile jembe, halina dawa ya matamshi kwa sababu linatamkwa sawasawa na ho, neno la kumtukana mwanamke kuwa malaya (limetokana na whore iliyopoteza r). Hapo sentensi yako ndo ikuokoe, sema garden hoe.

Halafu kuna yanayofanana sauti ila hayana undugu. Niggardly maana yake ni bahili, ni neno la zamani sana na halihusiani hata kidogo na lile tusi la N kwa watu weusi, ambalo linatokana na neno la Kilatini la rangi nyeusi. Lakini Januari 1999 David Howard, msaidizi wa meya wa Washington, alilitumia akizungumzia bajeti, watu wakasikia kingine, akajiuzulu, baadaye akarudishwa kwenye utawala wa meya huyohuyo. Alikuwa sahihi kwa kamusi, na bado mimi nasema usilitumie, stingy ipo na kila mtu anaielewa, ya nini kumlazimisha msikilizaji apitie maumivu kwanza ndo aje kukuelewa? Na nchi ya Niger, hiyo g ni j, sema "NAI-ja", usiisome kama ilivyoandikwa.

Ukimsikia mwenzako amekosea usicheke mbele za watu wala usimkatize. Fanya kama alivyonifanyia yule dada, mvute pembeni, mwambie neno lililosikika na maana yake, na mtamkie lile sahihi mara mbili tatu arudie. Mimi na yeye bado tunafanya kazi pamoja, na juzi aliponiuliza mzee anaendeleaje nikamwambia he's enjoying being retired, taratibu, tai ikasikika vizuri, akacheka akasema safi.