Kabla hamjaunda chama kipya, wahesabuni vibarua

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, umeeleza kwamba unakatwa ada ya chama kila mwezi, kwamba katibu wa tawi hajaonekana kiwandani kwenu tangu mwaka jana, na kwamba wewe na wenzako mnafikiria kuunda chama kipya chenye msimamo mkali, kisichokula meza moja na mabepari. Umeuliza kama jambo hilo linawezekana. Nitakujibu kwa niliyoyapitia hapa Mombasa, kwanza nikiwa mwendeshaji wa mashine mwenye ajira ya kudumu, kisha nikiwa mtu aliyefutwa kazi. Kabla hamjafika kwenye jina la chama na katiba yake, ningependa mjibu swali moja: vibarua wa kiwanda chenu mmewaweka wapi?

Mwaka 1998 nilikuwa katika kiwanda cha mabati upande wa Changamwe. Sisi wa kudumu hatukufika 150, na vibarua walizidi 200. Kila alfajiri walisimama nje ya geti, wakatumbukiza vitambulisho vyao katika ndoo ya plastiki, na nyapara akazamisha mkono, akachota, akasoma majina ya aliowachota. Waliobaki walirudishiwa vitambulisho wakaenda zao. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekatwa vidole viwili na ukingo wa bati saa nne asubuhi, kwa sababu glavu zilitolewa kwa wafanyakazi wa kudumu tu. Jioni ndugu yake alipokwenda kumchukulia ujira, alikuta amehesabiwa saa tatu, yaani tangu saa moja alipoingia hadi dakika aliyoumia. Siku hiyo mimi nilikuwa na jozi mbili za glavu katika kabati langu.

Miezi michache baadaye tuligoma kudai nyongeza ya mshahara, na tuligoma sisi wa kudumu peke yetu. Viongozi wa tawi walisema vibarua si wanachama na kwamba madai yao yangechelewesha yetu, nasi tukakubali kwa kuwa ilitufaa kukubali. Siku ya tatu mwajiri aliwaita vibarua, watu waliokuwa wamesimama kando ya mashine zetu kwa miaka na kuzijua kama tulivyozijua sisi, na bati likaanza kutoka. Tuliwaita wasaliti. Siku ya tano tulirudi kazini kwa masharti ya mwajiri, na watu kumi na mmoja, mimi nikiwamo, tukafutwa. Mke wa mmoja wa wale vibarua alinikuta sokoni Magongo akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Mlitaka tulale njaa kwa ajili ya mshahara wa nani?" Nilikosa la kumjibu.

Aliyenifundisha jibu ni mzee mmoja wa Majengo, aliyekuwa kijana wa bandarini mwaka 1947. Tarehe 13 Januari ya mwaka huo, siku ya Jumatatu, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi kwa pamoja na hawakurudi kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Waligoma makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wa mahoteli, na hata wapishi na matopasi wa nyumba za Wazungu. Kila siku walikutana katika uwanja wa Kiembeni, na hapo ndipo kilipopata nguvu chama kilichoitwa African Workers' Federation, yaani Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, chini ya Chege Kibachia. Kodi ya nyumba na bei ya vyakula vilikuwa vimepanda tangu Vita Vikuu vya Pili, na mishahara imebaki nyuma. Nilimuuliza mzee yule ni nani waliohesabiwa kuwa wanachama. Alinitazama kwa muda, kisha akasema pale Kiembeni hakuna aliyemuuliza mwenzake kama analipwa kwa siku au kwa mwezi, kwa maana wote walipangishwa na wenye nyumba wale wale.

Naomba usilipite upesi jambo hilo. Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi au kadi ya kazi ya siku, na mtu akaja kuitwa kwa jina la karatasi yake. Kwa bepari, mfumo huu una faida mbili. Ya kwanza huonekana na wote: hununua nguvu ya mtu kwa siku anayoihitaji, na siku nyingine zote mtu huyo hulishwa na mkewe, na shamba la mama yake, na deni la dukani. Ya pili ndiyo iliyotuangusha sisi, nayo ni kwamba humweka nje ya geti mtu mwenye njaa ambaye aliye ndani humwogopa kuliko anavyomwogopa mwajiri.

Serikali ya kikoloni ililielewa hilo mapema kuliko vyama vingi vya leo. Mgomo wa 1947 ulipokwisha, baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kuja kuwasihi wagomaji warudi, liliundwa baraza la usuluhishi chini ya Jaji Ransley Thacker, ambaye baadaye ndiye aliyemhukumu Kenyatta kule Kapenguria. Nyongeza zilitolewa, na hazikuwa za kubeza. Lakini mwezi Agosti Kibachia alikamatwa na kupelekwa Kabarnet kuzuiliwa huko, na katika miaka iliyofuata wakuu wa bandari walianza kuwatenga wachache wa kusajiliwa na wengi wa kupita. Miaka mitatu baadaye viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Makhan Singh na Fred Kubai, walikamatwa Nairobi tarehe 15 Mei 1950. Makhan Singh, aliyekuwa amewaunganisha wafanyakazi Wahindi na Waafrika katika chama kimoja tangu miaka ya 1930, hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Nawaheshimu sana watu hawa, lakini nasema bila kusita kwamba shirikisho la Mombasa lilidhoofika haraka kwa sababu mengi mno yalikuwa yamewekwa mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kutiwa pingu.

Mwaka 2009, katika kiwanda kingine kidogo zaidi, cha sabuni, tulijaribu tena. Tulianza na daftari la kurasa 96. Kila kibarua alitaja siku alizofanya kazi, nasi tukaziandika, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 humpa haki ya mfanyakazi wa mwezi yule aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, na mwajiri hatakutunzia ushahidi huo. Kamati ilikuwa ya watu saba, watatu kati yao vibarua, na mmoja wa hao alikuwa mama wa kitengo cha kufungasha aliyetunza daftari kwake chini ya godoro. Madai tuliyapanga hivi: glavu na buti kwa kila aingiaye getini, kisha mikataba kwa vibarua, kisha mshahara. Mwajiri aliwaita wale wanne wa kudumu faraghani, akawaahidi nyongeza nzuri iwapo dai la pili lingeondolewa. Tulibishana usiku kucha nyumbani kwangu. Wawili walijitoa, na siwalaumu sana, maana hata mimi mwaka 1998 ningeipokea ahadi hiyo kwa mikono miwili. Waliobaki walikataa, tukatoa ilani ya mgomo ya siku saba kama sheria inavyotaka, na siku ya sita tukaitwa mezani. Vibarua 38 walipata mikataba, glavu zikatolewa kwa wote, na nyongeza ya mshahara ikawa ndogo kuliko ile iliyoahidiwa faraghani.

Kwa hiyo, ndugu, kuhama chama si kosa, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 41 inawapa haki ya kuunda chama, kujiunga na kugoma. Ila mkihama mkiwa wa kudumu watupu, mtakuwa mmebadilisha bendera tu, na maneno makali dhidi ya ubepari hayatamzuia mwajiri kuchota majina katika ndoo. Msikutane kantini wala getini. Kutaneni Jumapili nyumbani kwa mtu, na vibarua wawepo tangu kikao cha kwanza, kabla madai hayajaandikwa. Daftari litunzwe na mtu asiye mwenyekiti, na nakala yake iwe kwa mwingine.

Tena daftari hilo lipigieni safu tatu: jina la mtu, siku alizofanya kazi, na jina la anayemwajiri. Miaka miwili baada ya ushindi wetu mwajiri aliacha kuchukua vibarua mwenyewe, akaanza kuletewa watu na wakala, na siku tulipowauliza watu hao ni nani anayewaajiri, hapakuwa na hata mmoja aliyejua jina la kuandika.