Jibu: Paka ninaowalisha wanazidi kuongezeka, majirani wamechoka

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, ulianza na paka 4, sasa ni 11, na majirani wanataka uache kabisa kuwalisha. Usiache ghafla. Watatawanyika kwenye mapipa ya taka, na kelele zitazidi.

Kwanza angalia masikio yao. Paka wa mitaani aliyekwisha kufungwa kizazi mara nyingi hukatwa ncha ya sikio moja. Wasio na alama hiyo ndio wanaokuongezea idadi: jike hushika mimba hata akiwa na miezi 4 au 5, huibeba kwa wiki 9 hivi, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Mimi nililisha miaka 2 bila kulijua hilo, na watoto wa paka niliowazika bado wananiuma.

Weka saa maalumu ya kulisha, mchana, mbali na milango ya watu. Baada ya nusu saa ondoa mabaki yote, maana hayo ndiyo yanayoita panya na nzi. Maji yaache. Wakishazoea saa hiyo, kuwanasa kwa mtego wa kizimba ili wakafungwe kizazi huwa rahisi: wanyime chakula siku moja kabla, kisha funika mtego kwa shuka mara tu paka anapoingia, atatulia. Anza na majike, ila anayenyonyesha vichanga msubiri kwanza.

Majirani nenda ukawaone mwenyewe, ukiwa na tarehe ya daktari wa mifugo mkononi. Wangu walilainika hapo.