Usilipe hiyo ofa ya mwanga kabla hawajakujaribu chini ya sikio

Dada mleta mada, usitume hiyo hela. Wakikwambia ofa inaisha Ijumaa, iache iishe.

Umeandika kwamba una chunusi, una madoa mashavuni unayodhani ni ya jua, ngozi yako ni nyeusi, harusi ni mwezi ujao, na kuna saluni hapa Tanga mjini imekuahidi "tiba ya mwanga" itamaliza yote ukilipia awamu sita kwa mkupuo. Nimesoma nikashtuka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na kwa muda mrefu nilikuwa sitoki nje bila kuuvuta mtandio hadi puani.

Hiyo mashine uliyoieleza, yenye kichwa cha kioo cha mstatili na jeli ya baridi, ni IPL, yaani mashine ya mwanga mkali unaotoka kwa mapigo mafupi. Wanaiita leza ili bei ipande, lakini siyo leza. Leza hutoa mwanga wa wimbi moja. IPL ni taa ya zenoni inayotoa mchanganyiko wa mawimbi, takriban nanomita 500 hadi 1,200 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), halafu wanachuja kiasi. Mwanga huo unafuata rangi. Kwa mzungu, doa ni jeusi na ngozi ni nyeupe, kwa hiyo joto linaishia kwenye doa. Sisi melanini, ile rangi nyeusi ya asili ya ngozi, imetanda uso mzima, kwa hiyo joto linaanzia juu ya ngozi kabla halijafika popote. Simamisha mwenye buibui na mwenye kanzu nyeupe pale Raskazone saa saba mchana wakati wa kaskazi, uguse nguo zao, uone ipi imepata moto zaidi. Ngozi yako ndiyo buibui.

Yule dada aliyenihudumia hakuniuliza rangi ya ngozi yangu inavyolichukulia jua. Hakuniuliza napaka nini. Hakuniuliza nameza nini, na nilikuwa nameza doksisaiklini kwa ajili ya chunusi hizo hizo, dawa ambayo ngozi huungua upesi juani ukiitumia. Alinipaka jeli, akanivisha miwani, akaanza. Kila mwako wa mashine nilikuwa nauona mwekundu ndani ya kope zilizofumbwa, na nikasikia harufu ya vinyweleo kuungua. Nikamwambia inauma. Akaniambia ikiuma ndiyo inafanya kazi. Dada, mtu akikwambia hivyo na mashine iko usoni mwako, simama uondoke na jeli yako!

Jioni ile vilijitokeza vipande vya mstatili, vimejipanga kuanzia karibu na sikio hadi pembeni mwa pua, kila kimoja na kona zake nne. Vikatoa malengelenge, vikabanduka, na ngozi iliyokuja chini yake ikawa nyeusi kuliko madoa niliyoyapeleka pale. Nikarudi kuwaonyesha. Wakanijibu, "Ngozi inatoa uchafu, endelea na awamu zilizobaki." Uchafu gani unatoka kwa umbo la kioo cha mashine? Na picha walizonionyesha kwenye simu, za kabla na baada, zote zilikuwa za wanawake wa kizungu. Hakuna hata mmoja wa rangi yangu, na mimi nilikuwa mteja wa Tanga niliyekaa mbele yao. Hilo mpaka leo linanitia hasira kuliko hela, na hela ile haikuwa ndogo.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alinieleza kwamba kuna mizani ya rangi za ngozi iliyotungwa na daktari wa ngozi wa Marekani, Fitzpatrick, mwaka 1975. Mwanzoni ilikuwa na ngazi za ngozi nyeupe tu. Ngazi ya tano na ya sita, ambazo ndizo sisi, ziliongezwa baadaye. Mtu anayeshika mashine hizi anatakiwa ajue uko ngazi ipi kabla hajagusa kitufe. Asiyejua anakuunguza kwa nguvu iliyopangiwa mtu mwingine.

Sasa sikiliza, hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukiyasahau mengine yote: HAKUNA JARIBIO, HAKUNA USO. Wapige miako michache tu chini ya sikio, kwenye taya, kwa nguvu ile ile watakayotumia usoni, halafu uende nyumbani ukasubiri. Kuungua utakuona ndani ya siku moja mbili. Weusi hauna haraka hivyo, unaweza kuja baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo jaribio la leo na uso kesho siyo jaribio, ni geresha. Na ukipiga hesabu utaona mwenyewe kwamba kabla ya harusi ya mwezi ujao muda huo huna. Wao tarehe yako wanaijua, na bado wanakuharakisha.

Watakwambia wana mashine nyingine. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064 kweli ni salama zaidi kwetu, kwa sababu melanini haiunyonyi sana mwanga huo, lakini nayo inaunguza mikononi mwa asiyeijua. Mwanga wa buluu wa nanomita 415 hauunguzi kwa joto, unawapiga bakteria wa chunusi, ila kwenye ngozi nyeusi unaweza kuongeza weusi. Yoyote watakayoitaja, kanuni ni ile ile.

Halafu hayo madoa. Kwa mtu mweusi mwenye chunusi, mengi huwa ni alama zilizoachwa na chunusi zenyewe na jua linazikoleza tu. Ukiyachoma, unajiongezea mengine. Anza na chunusi: dawa za kupaka kama benzoili peroksaidi au adapalini, polepole, tena kwa kuelekezwa. Losheni ya kukinga jua tafuta yenye rangi, ile iliyotiwa oksidi ya chuma, maana mwanga wa kawaida unaoonekana nao hutia weusi na losheni isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Na kama umewahi kupaka mkorogo, mwambie daktari bila kuona haya. Tafuta daktari wa ngozi, au afisa tabibu aliyesomea ngozi kule hospitali ya KCMC, Moshi, wapo wengi waliotokea pale. Nauli ya basi kupitia Korogwe na Same haifiki popote karibu na hiyo ofa.

Umeuliza pia bei za Dar na mambo ya vipodozi vya siku ya harusi, hayo watakujibu wengine. Wewe wapigie leo, waambie unataka jaribio chini ya sikio na wiki nne za kusubiri kabla ya kulipa chochote. Kisha rudi utuandikie wamejibu nini.