Fomu tumeipakua, mbona maombi hayajakamilika?

SWALI: Shikamoo. Mwanangu anaomba mkopo wa chuo Bodi ya Mikopo. Tulikwenda steshenari tukaipakua fomu, ikachapishwa, mwenyekiti wa mtaa akasaini na kugonga mhuri, nami nikapiga picha zile kurasa kwa simu. Hadi leo akaunti yake inasema maombi hayajakamilika. Tena naogopa: tukipakia vyeti vyake, si vitatupotea?
Mama, Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Mmefika nusu ya njia. Fomu ilitoka kwenye kompyuta za Bodi ikaja kwenu: huko ni kupakua. Kurasa zenye saini bado zimo kwenye simu yako, Bodi haijaziona. Mwanao aingie tena kwenye akaunti yake, azichague, azitume. Huko ndiko kupakia. Mwelekeo unahesabiwa kuanzia kifaa ulichoshika wewe: ukimrushia dada yako wa Sengerema picha kwa WhatsApp, simu yako inapakia, yake inapakua, na picha ni ile ile.

Vyeti havipotei. Ndizi zikishapakiwa melini kule Bukoba, gati linabaki tupu. Faili haliko hivyo. Kinachosafiri ni nakala, lenyewe linabaki kwenye simu mpaka ulifute.

Kupakia mara nyingi huchelewa kuliko kupakua, na hapo ndipo vijana wengi wanaokuja dukani kwangu Nyegezi hukwama. Mitandao ya simu huacha nafasi kubwa zaidi kwa vinavyoshuka, maana watu hutazama kuliko wanavyotuma. Tena simu hurusha mawimbi kwa nguvu ndogo kuliko mnara. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo picha ya megabaiti 4, kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, itachukua kama sekunde 32. Kijana anaona kiduara kinazunguka, anafunga ukurasa, faili linakatikia njiani. Asubiri. Kisha alifungue humo humo ndani ya akaunti aone kama jina, saini na mhuri vinasomeka. Bando linaliwa pande zote mbili, basi picha nzito ipunguzwe kwanza, ila mhuri usififie.

Na tafadhali, mama, rudini pale steshenari. Fomu mliyoipakua huenda bado imo kwenye kompyuta yao, na jina la mwanao na namba yake ya mtihani. Mwombeni mhudumu aifute mbele yenu, aitoe na kwenye pipa la taka la kompyuta, na ahakikishe akaunti ya kijana imefungwa.