Kipande cha Benga Ndani ya Albamu ya Hip Hop

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wafokaji watatu wa hapa Nakuru na tunarekodi albamu yetu ya kwanza. Prodyuza wetu amekata sekunde chache za gitaa kutoka santuri ya zamani ya D. O. Misiani na bendi yake Shirati Jazz, wanamuziki wa benga (muziki wa gitaa wa Waluo), akazirudiarudia juu ya biti. Mwenzetu wa Kisumu anatuonya kwamba tutajitia matatani kama kundi la hip hop la De La Soul wa Marekani, ambao albamu yao ya kwanza ilikawia miaka mingi kufika mtandaoni. Je, sekunde chache zina uzito gani?
Msanii chipukizi, Nakuru

JIBU: Mwenzenu hakosei. Albamu hiyo, 3 Feet High and Rising, ilitoka mwaka wa 1989, nayo iliundwa na vijana watatu wa Long Island pamoja na prodyuza Prince Paul kwa vipande vya kila namna: mluzi wa Otis Redding, muziki wa Steely Dan, hata santuri ya kufundishia Kifaransa. Wahakiki waliipokea kwa shangwe, na kura yao ya kila mwaka katika gazeti la Village Voice ikaipa nafasi ya kwanza. Sifa nyingine ziliwakera wenyewe, kwa kuwa waliitwa mahipi, yaani vijana wa amani na maua. Ndiyo maana jalada la albamu yao ya pili, ya 1991, lilionyesha chungu cha maua kilichopinduka na kuvunjika.

Kampuni yao iliomba ruhusa ya baadhi ya vipande, si vyote. Kundi la The Turtles, lililosikia wimbo wake wa miaka ya 1960 ndani ya kipande kifupi cha mapumziko, lilishtaki, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama. Hata pale ruhusa ilipokuwapo, mikataba mingi ilitaja santuri na kanda tu, kwa sababu hakuna aliyewaza intaneti. Albamu iliingia katika majukwaa ya kidijitali Machi 2023, wiki chache baada ya Trugoy, mmoja wa De La Soul, kufariki.

Kwenu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haitoi idadi ya sekunde za bure. Hutazama kama mlichochukua ni sehemu muhimu ya kazi. Hapo ndipo benga inapowabana, maana mzunguko mmoja wa gitaa, ambao mtu wa Kisumu huutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa, mara nyingi ndio wimbo wenyewe.

Kumbukeni pia kwamba haki ni mbili. Haki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baadaye. Misiani alifariki mwaka wa 2006, hivyo nyimbo alizotunga zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Haki ya rekodi huhesabiwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo santuri kuukuu huenda imeshatoka katika ulinzi huo huku utunzi wake ukiwa bado na wenyewe. Mkimwita mpiga gitaa aupige upya, mtakuwa mmekwepa haki ya rekodi peke yake. (Binafsi ningemwita hata kama ruhusa ipo, gitaa la mtu aliye hai hufuata pumzi ya mfokaji.)

Leseni ambazo mabaa na matatu hulipia ili kupiga muziki haziwahusu. Mnahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa warithi wa mtunzi au kampuni iliyokabidhiwa haki zake, na kutoka kwa mwenye rekodi ikiwa ingali inalindwa. Itaje kanda, mtandao, miito ya simu, video na njia yoyote itakayobuniwa baadaye, pamoja na mgawanyo wa mapato kwa asilimia. Ombeni kabla ya albamu kutoka, kwa sababu wimbo ukishavuma, mwenye haki ndiye atakayepanga bei.