Usimpunguzie ng'ombe majani ili umjaze mashudu

Mkuu, usifanye hivyo! Umesema kiangazi kimekaza, kwa hiyo unataka kupunguza matete nusu na kuziba pengo kwa mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) na pumba, halafu unauliza kama maziwa yatapata omega-3, yale mafuta yanayosifiwa kwa afya, na mashine gani ya krimu ununue. Nimekwama hapo kwenye mashudu, maana ndiyo yaliyonimaliza mwaka 2019.

Nina ng'ombe wa maziwa watatu aina ya Friesian huku Arumeru, Arusha. Muuza vyakula mmoja alinihakikishia kwamba alizeti inaongeza mafuta ya maziwa, eti yakiingia mdomoni yanatokea kwenye chuchu. Mtu anauzia wafugaji chakula na hajui kwamba tumbo la ng'ombe si bomba! Bado nina hasira naye.

Nikanunua mashudu ya mashine ndogo za kukamua, yale yanayobaki na mafuta mengi hadi ukiyafinya vidole vinang'aa. Wiki ya kwanza lita zikapanda, nikafurahi. Wiki ya pili mke wangu akafunua sufuria ya maziwa yaliyolala, akaniita nione: utando wa juu ulikuwa mwembamba, ukiupuliza unachanika. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa wakapima mafuta asilimia 2.4, wakati siku zote nilikuwa 3.8, na kituo chetu kinalipa kwa mafuta. Kinyesi kikawa uji wenye povu. Ng'ombe mkubwa akaanza kuchechemea.

Daktari wa mifugo ndiye aliyenifungua macho. Majani yakichachuka tumboni hutoa asetati, aina ya asidi kama ile ya siki, na kiwele huitumia kutengeneza karibu nusu ya mafuta ya maziwa, zile asidi za mafuta fupi zinazoipa siagi harufu yake. Ukipunguza majani, ng'ombe anacheua kidogo, mate yanayotuliza uchachu yanapungua, tumbo linakuwa chachu. Hapo ndipo mafuta ya alizeti yanapoleta balaa: vijidudu vya tumboni vinayageuza kwa njia nyingine na kuzalisha asidi ya mafuta ambayo gramu chache tu kwa siku zinatosha kukifanya kiwele kipunguze kutengeneza mafuta. Yaani nilinunua mafuta ili nizime mafuta.

Majani kwanza, mkuu. Angalau nusu ya chakula chote, kikipimwa kikavu (bila kuhesabu maji yaliyomo), iwe majani. Kama mabichi hayapo, tafuta nyasi kavu au hata mabua, na usiyakatekate kama mchicha. Pumba na mashudu gawa mara tatu au nne kwa siku, baada ya majani. Kisha kaa bandani mchana wakiwa wamelala uhesabu: tonge moja la kucheua litafunwe mara 50 na zaidi. Wangu walikuwa wanameza kwenye 30.

Mafuta yalichukua wiki tatu kurudi. Yule wa kuchechemea hakupona, nikamuuza kwa bei ya nyama, na alikuwa ananipa lita 16.

Kabla hujalipia hata gunia moja, niambie una nyasi kavu kiasi gani bandani.