Gari linaloyumba, lilete likiwa chafu

Mteja wangu mmoja alikuwa na Probox. Mjini ilikuwa tulivu kabisa, ila ikivuka kilomita 90 kwa saa usukani unakuwa mwepesi, unaona kabisa pua inataka kuruka. Nikabadilisha shokapu za mbele. Nikabadilisha bushi. Alaimenti nikafanya mara mbili. Hela yake ikaisha, gari likabaki vilevile.

Akarudi tena baada ya safari ya usiku, msimu wa kumbikumbi. Kijana wangu alishashika ndoo na sabuni, nikamzuia. Juu ya paa kulikuwa na keria ya kuchomelea mtaani, mbele imewekwa bati lililoinuka kidogo. Kumbikumbi walikuwa wameganda upande wa chini wa bati. Juu yake hakuna hata mmoja. Upepo ulikuwa unaingia chini ya bati na kulinyanyua gari. Tukang'oa bati, ugonjwa ukaisha.

Ujanja huo si wangu. Nimeutoa kwenye habari za Porsche 917, gari la mbio la Kijerumani.

Mwaka 1969 Porsche walikuwa hawajawahi kushika nafasi ya kwanza katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Kanuni ziliruhusu injini ya hadi lita 5, mradi kampuni iunde magari 25. Ferdinand Piëch, aliyesimamia kazi hiyo, hakusita: Aprili yote 25 yakapangwa mstari nje ya kiwanda, wakaguzi wakayahesabu. Injini ya Hans Mezger ilikuwa na silinda 12 na ilipozwa kwa upepo. Chasisi ilikuwa ya mabomba ya alumini yaliyojazwa gesi, na geji pembeni: presha ikishuka, ujue bomba limepasuka. Fundi aliyewaza hilo ningependa kumnunulia chai.

Lakini mwendo ukizidi, gari lilitangatanga barabarani. Kule Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, madereva wa kampuni walilikataa. Le Mans mwaka huohuo, John Woolfe, aliyekimbia na 917 yake binafsi, alifariki kwenye mzunguko wa kwanza. Vic Elford na Richard Attwood waliongoza kwa saa nyingi, kisha wakaharibikiwa upande wa klachi na giaboksi zikiwa zimebaki kama saa tatu.

Wahandisi wakahangaika na springi na shokapu, kama mimi na Probox. Oktoba wakaenda kufanya majaribio Zeltweg, Austria. John Horsman, mhandisi wa timu ya John Wyer ya Uingereza iliyokuwa ikijiandaa kukimbia na 917, akaona bodi imejaa wadudu waliokufa, ila mkia ni msafi. Kumbe upepo ulikuwa unapita juu bila kuugusa mkia, hivyo hakuna kilichoukandamiza chini. Mafundi wakakata bati za alumini palepale, wakaunda mkia mfupi ulioinuka nyuma. Brian Redman na Kurt Ahrens wakaliendesha, likatulia.

Juni 1970 Attwood na Hans Herrmann wakashinda Le Mans kwenye mvua kubwa. Mwaka 1971 Helmut Marko na Gijs van Lennep wakashinda tena, wakienda kilomita 5,335 kwa saa 24. Rekodi hiyo ya umbali ilidumu hadi 2010.

Kwa hiyo ukija gereji, usipitie kwanza kwa waosha magari. Niambie linaanza kuyumba kwenye mwendo gani. Likiyumba hata polepole, tutaanza na tairi, bolijointi na bushi. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo fulani, mara nyingi ni balansi ya tairi. Ukiwa mwepesi kwenye mwendo mkubwa tu, nionyeshe kwanza ulichoongeza mwenyewe: keria, spoila, bampa ya mtumba. Piga picha za vumbi na wadudu kabla mvua haijaviondoa.

Yule wa Probox nilimfanyia servisi mbili bila malipo, maana shokapu zake za zamani hazikuwa na kosa. Bati lake alilichukua. Sasa limeziba dirisha la banda la kuku.